Nimechoka na saa ya mbio, moyo wangu umebaki Chalbi

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Iten. Mimi ni mwanamume wa miaka 29, mwanariadha wa marathoni, na kwa miaka minane sasa riadha ndiyo kazi yangu, ndiyo chakula changu, na ndilo jina ambalo watu wa kijijini wananiitia. Muda wangu bora ni saa 2 na dakika 8. Katika nchi nyingi muda huo ungenipa heshima kubwa, lakini hapa kwetu, ambako ukitoka barabarani saa kumi na mbili asubuhi unapitwa na makundi mawili au matatu ya watu wenye kasi zaidi yako, umenitosha kuwa mwekaji kasi tu. Hulipwa niliongoze kundi la mbele kwa mwendo uliopangwa hadi kilomita ya 25 au ya 30, kisha nitoke kando na kuwaachia wengine ushindi. Siidharau kazi hiyo, kwa maana imewajengea wazazi wangu nyumba ya mawe, na sasa inamlipia dada yangu karo ya chuo cha uuguzi na mdogo wangu karo ya kidato cha tatu.

Hamu iliniondoka polepole, wala siwezi kuitaja siku yenyewe. Ninachokumbuka ni asubuhi moja barani Ulaya, nilipowafikisha wenzangu kilomita ya 30 ndani ya muda uliotakiwa, nikatoka, nikapanda basi la waandalizi, nikagundua kwamba sikutaka hata kujua nani angeshinda. Baadaye, Septemba 2025, Peres Jepchirchir alipokuwa akikimbilia dhahabu ya marathoni mjini Tokyo, majirani tulikuwa macho usiku kucha, tumejaa katika sebule moja. Alipomwacha Tigst Assefa wa Ethiopia katika mita za mwisho na kushinda kwa sekunde mbili, nilisikia vifijo nikiwa nje, nimesimama ukingoni ambako ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Kerio, nikiwaza jinsi nyota zilivyokuwa zikionekana kule katika jangwa la Chalbi usiku huohuo. Mwaka mmoja nyuma ningelia kwa furaha pamoja na wenzangu.

Chalbi niliijua kupitia binamu yangu anayefundisha karibu na Kalacha, katika Kaunti ya Marsabit. Nilimtembelea Desemba 2024 kwa nia ya kupumzisha goti, nikiwa na simu tu. Shangazi, sijui kama umewahi kufika huko. Unateremka kutoka mlima Marsabit wenye msitu na ukungu, unapita mawe meusi ya volkano mpaka unachoka kuyatazama, kisha ghafla ardhi inalala chini kama iliyopigwa pasi, nyeupe, bila mti wala kilima hadi macho yanapokoma. Niliambiwa na wenyeji Wagabra kwamba jina lenyewe lina maana ya mahali patupu penye chumvi, na kwamba zamani palikuwa ziwa. Ukoko wa chumvi umepasuka vipande vyenye pembe tano au sita, kila kimoja kimeinua kingo zake, na jua linapokuwa chini kila ufa unatupa kivuli chake. Mchana mazigazi huinua vilima vya Huri vikaelea hewani. Jioni ngamia hupita kwa mstari mmoja kuelekea chemchemi za Kalacha, penye mikoma, na vumbi wanalolitimua hugeuka rangi ya shaba.

Nimerudi huko mara nne na nimenunua kamera iliyotumika. Nikiwa kule naamka kabla ya alfajiri bila kuamshwa, naikimbilia chumvi kilomita nane au kumi nikiwa nimeifunga kamera mgongoni, na sijawahi hata siku moja kuwasha saa.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Jina langu bado limo katika orodha ya wanariadha ambao hulazimika kutaja kila siku mahali walipo ili maafisa wa kupima dawa zilizopigwa marufuku waweze kuwafikia bila taarifa. Novemba iliyopita niliahirisha kurudi nyumbani kwa siku mbili, kwa sababu mvua ilikuwa imeacha maji membamba juu ya chumvi na jangwa zima lilikuwa kioo. Maafisa walifika Iten saa ileile niliyoiandika mwenyewe, wasinikute. Nimehesabiwa kosa moja. Kocha wangu anasema huu ni uvivu wa akili ambao utaisha nikifanya mazoezi kwa bidii, na mzee wangu, ambaye ametundika ukutani nambari zote za kifuani nilizowahi kuvaa, bado hajui lolote. Naona haya mbele ya vijana wanaolala wanne chumba kimoja wakiomba nafasi niliyo nayo. Je, niache riadha nifuate picha, au nivumilie mpaka mwili unikatae?

Mwekaji kasi, Iten

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi uliyoiandika kama jambo dogo: kwamba ukiwa Kalacha unakimbia kilomita nane au kumi kabla ya jua kuchomoza, na kamera mgongoni. Mtu aliyechoka kukimbia hafanyi hivyo. Ulichochoka nacho ni saa, na mwendo uliopangwa na watu wengine, na desturi ya kutoka njiani kila mara kabla ya mwisho. Hayo ni mambo tofauti na riadha yenyewe, na usipoyatenganisha utafanya uamuzi mkubwa kwa sababu isiyo sahihi, kisha ukajilaumu kwa miaka mingi.

Kabla ya yote, mwili. Usimwamini kocha anayekwambia ni uvivu, wala usiniamini mimi ninayekutazama kutoka mbali, kabla hujapimwa. Upungufu wa madini ya chuma huwapata wakimbiaji wa masafa marefu mara nyingi, nao humnyima mtu nguvu na hamu kabla hajaona dalili nyingine. Vilevile, mwanariadha anayekula kidogo kuliko mazoezi yanavyomdai huingia katika upungufu wa nishati unaogusa homoni, mifupa na hata furaha yake, na taarifa ya wataalamu iliyotolewa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 ilisisitiza kwamba hali hiyo huwapata wanaume pia, ingawa ilikuwa imezoeleka kuitwa tatizo la wanawake. Nenda kwa daktari, umweleze usingizi wako, chakula chako na goti lako. Mwambie pia mapema kwamba unapimwa dawa, kwa sababu hata dripu, ikizidi mililita 100 ndani ya saa 12 nje ya matibabu halali ya hospitali, inaweza kukuvunjia kanuni. Jambo moja linanitia moyo, nalo ni kwamba hamu yako haijazimika kila mahali. Mtu aliyelemewa na sonona mara nyingi hukosa raha hata kwa kile alichokipenda jana, ilhali wewe bado unaona kivuli cha kila ufa. Lakini ukianza kukosa raha hata huko Chalbi, usisubiri, umwambie daktari siku hiyohiyo.

Sasa jambo ambalo umeliandika kama kisa, na mimi naliona kama hatari. Kanuni zinasema kwamba mwanariadha aliye katika orodha yako akifikisha makosa matatu ndani ya miezi 12, iwe ni kutopatikana au kutoa taarifa zenye kasoro, anahesabiwa kuwa amevunja kanuni za dawa hata kama hajawahi kumeza kitu, na adhabu yake ya kawaida ni kufungiwa miaka miwili, ambayo inaweza kupunguzwa hadi mmoja kulingana na uzito wa kosa lake. Tayari unalo moja. Jangwa lenye mtandao wa kubahatisha, na moyo unaotaka kubaki siku mbili zaidi kila maji yanapotanda, vinaweza kukupatia mengine mawili bila wewe kukusudia. Huenda ukasema hayo hayakuhusu kwa kuwa unataka kuacha. Yanakuhusu sana, kwa maana kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeondoka na mtu aliyefungiwa, na watu watakaosikia habari zako hawatauliza kama ulikuwa ukipiga picha za chumvi. Vijana hao wanne wa chumba kimoja watasikia kwamba ulikuwa na la kuficha.

Kwa hiyo, ukiamua kuondoka, ondoka kwa barua. Liandikie shirikisho la riadha pamoja na mamlaka ya kupambana na dawa iliyokuweka kwenye orodha, useme tarehe unayostaafu, na usiache kutoa taarifa zako hata siku moja mpaka upate jibu la maandishi kwamba umeondolewa. Ujue pia kwamba ukibadili nia baadaye, utalazimika kutoa taarifa ya maandishi miezi sita kabla ya kushindana na kuwa tayari kupimwa katika muda wote huo. Mlango haufungwi kabisa, ila hufunguka polepole.

Nalisema hili la mlango kwa sababu naona umejiwekea njia mbili tu, kuacha au kuvumilia. Machi 2022 Ashleigh Barty wa Australia, akiwa na miaka 25 na akiwa nambari moja wa tenisi duniani, alitangaza kustaafu wiki chache tu baada ya kutwaa taji kubwa nyumbani kwao, akieleza kwamba hakuwa tena na msukumo wa kufanya yote yanayomweka mtu kileleni. Watu wengi husahau kwamba alikuwa ameshaiacha tenisi mara moja kabla ya hapo, mwaka 2014, akacheza kriketi, akarudi 2016, na mataji yake makubwa ya mchezaji mmoja mmoja yote, kuanzia lile la Ufaransa la 2019, yalikuja baada ya mapumziko hayo. Aliacha mara mbili, na mara hizo mbili hazikuwa na maana moja. Najua yeye alikuwa na akiba ambayo wewe huna, na sitaki ujilinganishe naye kwa fedha. Ninachotaka ukione ni kwamba mapumziko ya msimu mmoja, yaliyotangazwa wazi kwa meneja na kwa kocha, ni jambo halali, na mwisho wake utajua kama ulikuwa umechoka au umemaliza.

Nije kwenye kamera, ambayo nadhani ndiyo uliyotaka nizungumzie tangu mwanzo. Kutokana na ulivyonieleza maji yale membamba, naamini una jicho. Hata hivyo nakuomba usiitwike kamera mzigo wa karo mbili katika mwaka wake wa kwanza. Kumbuka wewe mwenyewe ulikimbia miaka mingapi kabla mtu hajakulipa shilingi. Mohamed Amin, ambaye dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia ya 1984 na ambaye pia alipiga picha nyingi nzuri za Ziwa Turkana na kaskazini mwa Kenya, alikuwa mfanyabiashara wa picha tangu ujana wake, na kazi za habari ndizo zilizomlisha. Wenye busara watakwambia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mimi, kwa hali yako, nasema shika mbili kwa muda: timiza mikataba ya kuweka kasi uliyokwisha kuitia sahihi, usichukue mipya kwa msimu mmoja ikiwa akiba yako inafikia karo ya mwaka, na katika msimu huo ujifunze kazi ya picha kwa nidhamu ileile ya fatleki ya Alhamisi, yale mazoezi yenu ya kubadilisha kasi.

Tena usione vibaya kupata fedha za mwanzo hapohapo Iten. Wageni huja kutoka pande zote za dunia kufanya mazoezi kwenye mwinuko wa mita 2,400, wakitaka picha nzuri za mavumbi mekundu ya barabara zenu, na wewe unajua, kuliko mpiga picha yeyote wa mjini, ni katika kona gani kundi litainama na ni katika kilomita gani uso wa mkimbiaji unaanza kusema kweli. Huenda leo hutaki kuiona riadha hata kupitia kioo. Jaribu mara moja tu, uone kama inakuuma au inakuponya.

Kwa upande wa jangwa, usitumie fedha zote kwa safari ndefu ya Marsabit. Ziwa Magadi liko umbali wa zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Nairobi kwa barabara ya lami, nalo lina ukoko wa magadi wenye weupe na wekundu ambao utakufundisha yaleyale ya Chalbi kwa nauli ndogo, na chemchemi za moto za Bogoria ziko karibu zaidi na kwenu. Kamera hudanganywa na weupe mwingi, ikaugeuza kuwa kijivu, basi izoee kwa kuiongezea mwanga kuliko inavyopendekeza yenyewe. Usibadilishe lenzi penye upepo, kwani vumbi la chumvi ni laini kama unga na hula chuma. Ukienda Chalbi wakati wa mvua usiingie katikati na gari moja tu, kwa sababu chini ya ukoko ule kuna matope yasiyoachia tairi, na kila mara mwachie binamu yako neno la wapi unaelekea na lini unarudi. Ukija kutamani kurusha kamera angani, tafuta kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Lipo jambo la uzito kuliko hayo ya vifaa. Umenieleza ngamia na mstari wao, lakini hukumtaja hata mtu mmoja anayewaongoza. Chalbi inaonekana tupu kwa macho yetu sisi tunaotoka kwenye mashamba ya mahindi, ila ni malisho, njia na nyumbani kwa watu wanaojua kila kisima kwa jina. Kisimani watu huwa kazini, wakinywesha mifugo kwa zamu, na mgeni mwenye kamera anaweza kuvuruga zamu hiyo kabla hajajua. Uliza ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, ujifunze salamu zao, uwapelekee picha ulizopiga safari iliyopita. Utashangaa jinsi watakavyokuonyesha mahali ambapo peke yako usingepajua.

Na kuna hofu moja ninayokuonea. Ulichokipenda kule ni kwamba hakuna saa. Ukianza kushindania zawadi, na kuhesabu kila jioni ni watu wangapi wamezipenda picha zako, na kupima chumvi yako kwa chumvi ya mwenzako, basi utakuwa umeipeleka ile saa mpaka Kalacha, na safari hii hutakuwa na pa kukimbilia. Waza mapema ni picha zipi utauza na ni zipi utabaki nazo. Hata asubuhi moja katika kila safari iwe yako, bila kamera kabisa.

Kuhusu mzee wako, usimpelekee picha kwanza. Najua unatamani azione na aelewe, lakini mzazi aliyetundika nambari zako ukutani ataona tu kwamba unazishusha. Mwanzie kwenye kile kinachomkosesha usingizi: mwonyeshe daftari lenye karo ya dada yako hadi amalize chuo na ya mdogo wako hadi kidato cha nne, kiasi kilichopo na kiasi kitakachopungua, na jinsi utakavyokipata. Ukiweza, enda na mjomba wako, kwa maana neno la mjomba husikilizwa tofauti na neno la mtoto. Mweleze ukweli kuhusu kosa la Novemba pia, asije akalisikia kwa jirani. Akikasirika, mwache akasirike siku kadhaa bila kumjibu. Picha zitafuata baadaye, na pengine moja yake itapata msumari wake kwenye ukuta uleule, kando ya nambari, bila nambari yoyote kuondolewa.

Huna deni lolote kwa vijana wale wanne. Nafasi ya mwekaji kasi ukiiacha itachukuliwa na mmoja wao kabla ya wiki kwisha, na ukipenda, unaweza kumtaja kwa meneja wako yule unayemwona anastahili.

Haya yote yanaweza kusubiri miezi miwili mitatu, isipokuwa moja. Naamini umekwisha kupanga safari ya sita, hata kama hukuniambia. Iandike katika taarifa zako usiku huu, mahali na saa, kwa maelezo yanayomwezesha afisa kukufikia hukohuko Kalacha, kabla hujaanza kufunga begi.

Shangazi